Mkanda wa harusi ulioganda dakika ya 32: kisa cha seva ya nyumbani baada ya kupandishwa toleo

Nyumba na mashine yake

Nyumba ina watu saba: bibi, mama mwenye nyumba, mumewe anayesafiri kikazi, kijana wao wa miaka ishirini na kidogo, na wadogo zake watatu wanaosoma. Mji ni wa pwani ya Tanzania, na hapo nitaishia. Majina nimeyaacha, na mambo mawili matatu yasiyogusa kiini cha tatizo nimeyabadilisha. Mimi ni fundi wa kompyuta na rafiki wa familia. Kijana huniita kaka, bibi huniita mwanangu.

Seva yenyewe ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyonunuliwa mtumba: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 6, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 4, SSD (diski ya ndani yenye kasi) ya gigabaiti 120 iliyobeba mfumo, na diski ya nje ya terabaiti 2 iliyobeba video. Inakaa juu ya kabati la vyombo sebuleni, karibu na rauta. Mfumo endeshi ni Debian, wa jamii ya Linux, na programu inayosambaza video nyumba nzima ni Jellyfin, programu huria iliyochipuka kutoka Emby, programu nyingine ya aina hiyo, mnamo Desemba 2018. Haina ada wala haihitaji akaunti ya mtu wa nje. Kwa nyumba inayonunua bando, hilo si jambo dogo: watoto wanaweza kurudia katuni moja mara ishirini bila kula hata megabaiti moja.

Ila thamani ya seva ile haiko kwenye katuni. Mle ndani kuna mikanda ya harusi, maulidi ya mtaani kwao ya miaka kadhaa, na video za marehemu babu akiwa amekaa barazani akisimulia. Kijana alitumia likizo mbili nzima kuvipanga, akaandika nani ni nani na siku gani. Naeleza hili mapema kwa sababu baadaye palitolewa wazo la kufuta kila kitu na kuanza upya, na msomaji anapaswa kujua kilichokuwa hatarini.

Kuna jambo moja la kiufundi lazima lieleweke kabla ya kuendelea. Jellyfin hutoa video kwa njia mbili. Kama kifaa cha mtazamaji kinaielewa video ilivyo, seva huipeleka kama ilivyo, na kazi yake inakuwa nyepesi kama kunakili faili. Kama hakiielewi, seva hulazimika kuigeuza papo kwa papo: programu iitwayo ffmpeg inasoma faili la asili, inatengeneza video mpya na kuiandika kwenye diski vipande vipande vya sekunde chache, na kifaa kinachukua kipande kimoja baada ya kingine. Vipande hivyo vina folda yake. TV ya nyumba hii inatumia kisanduku cha zamani cha Android kisichofungua video za HEVC, mtindo mpya wa kubana video. Katuni ni za H.264, mtindo wa zamani zaidi, zinapita moja kwa moja. Mikanda ya harusi na maulidi, ambayo mpiga video aliitoa kwa HEVC, lazima igeuzwe.

Usiku wa Ijumaa

Ilikuwa Desemba 2025, shule zimefungwa. Kijana aliamua kupandisha mfumo kutoka Debian 12 hadi Debian 13, toleo lililotoka Agosti mwaka huo, na usiku uleule kupandisha Jellyfin kutoka 10.10.7 hadi 10.11, iliyotoka Oktoba. Alijiandaa vizuri kuliko wengi ninaowahudumia. Alisoma maelezo ya toleo jipya la Jellyfin, akaona onyo kwamba 10.11 inahamisha hifadhidata ya maktaba kwenda muundo mpya na kwamba hakuna kurudi nyuma bila nakala ya akiba. Basi akasimamisha seva, akanakili /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin kwenye flashi, ndipo akaanza.

Debian ilipanda bila shida, mashine ikawashwa upya. Kisha Jellyfin. Uhamishaji wa hifadhidata ulichukua muda, akauacha umalize bila kuugusa, jambo la busara sana katika mji ambao umeme hauaminiki. Maktaba ikafunguka, picha zote mahali pake. Akajaribu kwa kuweka katuni kwenye TV, akaiangalia dakika tano, ikaenda kama maji. Akalala.

Jumamosi usiku bibi aliomba mkanda wa harusi ya mjukuu wake, dada yake kijana, ambaye sasa anaishi ng'ambo na mumewe. Mkanda una saa mbili na dakika 40. Ukaenda vizuri, kisha ukaganda, kiduara kikazunguka bila kukoma. Kijana akatoka kwenye video na kuifungua tena, ikaendelea pale ilipoishia. Akahisi ni kisanduku kimepata joto. Lakini bibi hapendi kuanzia katikati. Akataka ianze mwanzo. Ikaganda tena.

Jumapili ilikuwa siku ya dawa za kubahatisha. Kijana alihamisha rauta, akavuta waya kutoka kwenye rauta hadi kwenye kisanduku ili waifai isisingiziwe. Haikusaidia. Akasoma logi kuu ya Jellyfin, yaani faili linaloandika matukio yake, na kuona mistari inayosema ffmpeg imetoka na kosa. Akahitimisha kwamba Jellyfin mpya imekuja na ffmpeg mbovu, au prosesa imezidiwa. Mchana akawasha ugeuzaji kwa kutumia sehemu ya picha ya prosesa, ile Quick Sync ya Intel, ili kazi iende kasi zaidi. Prosesa ikapumua kweli, matumizi yakashuka sana. Jioni mkanda ukaganda vilevile. Na dalili ya pili ikajitokeza: kila bibi alipokuwa anaangalia mkanda, watoto walilalamika kwamba hata orodha ya katuni kwenye simu inafunguka kwa kusuasua.

Jumatatu asubuhi kijana alimwambia mama yake kwamba atafuta SSD yote na kuweka kila kitu upya. Mama akamzuia. "Usifute kitu mpaka fundi aje aone," alimwambia, na mimi nikapigiwa simu.

Jioni ya Jumatatu

Nilifika baada ya Isha. Nikamwamkia bibi, akanijibu na papo hapo akanieleza shida yake: "Marahaba, mwanangu. Hiki chombo chenu hakitaki nimwone mjukuu wangu akiingia ukumbini. Kila akifika mlangoni, kinamsimamisha."

Niliitikia kwa heshima, nikaenda kwenye mashine, na maneno yake nikayachukulia kuwa masikitiko ya bibi aliyemkumbuka mjukuu wake. Ilinichukua dakika arobaini kuyasikia inavyopaswa.

Dakika hizo arobaini nilifanya ukaguzi wa kawaida. Huduma ya Jellyfin: inafanya kazi. Diski ya nje: imeunganishwa, haina makosa ya usomaji kwenye ujumbe wa kernel, kiini cha mfumo. Nafasi kwenye diski: nikaandika `df -h`, nikaona SSD ina gigabaiti zaidi ya 60 zilizo wazi, kila mstari una nafasi ya kutosha. Ruhusa za mafaili: sawa. Mtumiaji jellyfin yumo kwenye kundi la render, lenye ruhusa ya kutumia sehemu ya picha ya prosesa, kwa hiyo Quick Sync inafanya kazi kihalali. Hakuna kilichokuwa kimevunjika. Na mimi nikaanza kuegemea wazo la kijana, kwamba tatizo ni uhamishaji wa hifadhidata.

Hapo mama akaleta daftari. Ni mwanamke mwenye duka, amezoea kuandika kila kinachoingia na kutoka, na tangu Jumamosi alikuwa anaandika. Kwenye ukurasa wa mwisho, nyuma ya hesabu za unga na mafuta, palikuwa na mistari hii:

Jumamosi saa 2 usiku, harusi, imeganda 32:40.
Jumamosi, harusi kuanza upya, 32:50.
Jumapili saa 12 jioni, harusi, tumesimamisha kwa swala ya Magharibi, 32:40.
Jumapili usiku, maulidi, 33:05.
Jumatatu asubuhi, katuni, haijaganda.

Nilikaa na daftari lile mkononi kwa muda. Jumamosi seva ilikuwa inageuza video kwa prosesa tupu, polepole. Jumapili ilikuwa inageuza kwa Quick Sync, kwa kasi kubwa zaidi. Dakika ni ileile. Jumapili walisimamisha mkanda karibu dakika ishirini kwa ajili ya swala, kwa hiyo saa ya ukutani ilisogea mbele sana. Dakika ya mkanda ni ileile. Joto la kisanduku haliwezi kufanya hivyo, waifai haiwezi, prosesa iliyozidiwa haiwezi. Vyote hivyo vingeganda mahali tofauti kila siku. Faili lenyewe kuwa bovu hakuelezi kwa nini maulidi, faili jingine kabisa, linaganda karibu palepale.

Kilichobaki ni kitu kinachojaa. Kitu ambacho kila dakika moja ya video inakiongezea kiasi kilekile, bila kujali imegeuzwa haraka au polepole, na ambacho kina ukomo. Kwamba ni palepale kila mara, bibi alikuwa ameniambia nilipoingia mlangoni.

Kutazama bila kugusa

Nilimwomba kijana tusibadilishe chochote. Tukaweka mkanda mwanzo kabisa, bibi akakaa kwenye kiti chake, na sisi tukafungua dirisha la amri na kuandika `watch -n 10 df -h`, amri inayorudia kuonyesha nafasi kila baada ya sekunde 10.

Mistari yote ilitulia isipokuwa mmoja. Mstari wa /tmp, folda ya mafaili ya muda, ulianza kwenye asilimia 1. Kisha 3. Kisha 4. Kisha 6. Ukubwa wake wote ulikuwa gigabaiti 1.9, na jina la aina yake lilikuwa tmpfs. Kijana alinyoosha kidole kwenye skrini na kukiacha hapohapo, namba ikipanda chini ya kucha yake. Dakika ya 10 hivi ilifika asilimia 97. Muda mfupi baadaye, 100.

Na mkanda ukaendelea kucheza. Akina mama kwenye TV wanapiga vigelegele, bibi anatabasamu, picha safi kabisa. Kijana akaniangalia: "Kaka, mbona haijaganda?"

Hapo ndipo penye fundo la kisa chote. Ugeuzaji kwa Quick Sync ulikuwa unakwenda karibu mara tatu ya kasi ya kutazama, kwa hiyo ffmpeg ilikuwa imeandika vipande vya dakika 33 mbele wakati bibi yuko dakika ya 11. Ilipokosa mahali pa kuandika ikafa. Lakini vipande vilivyokwisha kuandikwa vilikuwepo, na kisanduku kiliendelea kuvila taratibu mpaka vikaisha, zaidi ya dakika ishirini baadaye. Kosa lilitokea dakika ya 11. Mtazamaji alilipata dakika ya 32. Aliyesoma logi ya dakika ya 32 alikuta ffmpeg ikijaribu kuanza na kufa papo hapo, na kwa haki kabisa akadhani ffmpeg ni mbovu.

Tulifungua logi ya ffmpeg yenyewe. Jellyfin huandika logi ya kila ugeuzaji kwenye faili lake, ndani ya /var/log/jellyfin, majina yake yanaanza na FFmpeg.Transcode. Kijana alikuwa hajui kwamba zipo. Mwishoni palikuwa na mstari unaosema No space left on device, yaani hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa, na saa ya mwisho faili hilo kuandikwa ilikuwa ile ya asilimia 100.

Mkanda ukaganda. 32:45. Tulipotoka kwenye video, Jellyfin ikafuta vipande, na /tmp ikarudi asilimia 1. Ndiyo maana `df` yangu ya mwanzo haikuona kitu: ushahidi ulikuwa unajifuta kila mtazamaji anapozima.

Chanzo

Hadi Debian 12, /tmp kwenye mashine hii ilikuwa folda ya kawaida juu ya SSD. Kuanzia Debian 13, /tmp kwa chaguo-msingi inawekwa ndani ya RAM kwa mfumo wa tmpfs, na ukomo wake ni nusu ya RAM. Mashine iliyopandishwa kutoka toleo la 12 inaingia kwenye utaratibu huo mara tu inapowashwa upya. Jambo hili limeandikwa wazi kwenye maelezo ya toleo la Debian, na lina sababu zake nzuri. Hakuna aliyetudanganya.

Hesabu inakubali. Ubora uliochaguliwa kwenye TV ni megabiti 8 kwa sekunde, yaani megabaiti 1 kwa sekunde, yaani 60 kwa dakika, ukiongeza sauti kidogo. Gawa nafasi ya karibu megabaiti 2,000 kwa 60 na ushee, unapata dakika 32 hadi 33. Ili kujihakikishia, tulishusha ubora hadi megabiti 4 na nikamwambia mama aandike kwenye daftari, kabla hatujaanza, kwamba utaganda baada ya saa moja na dakika chache. Uliganda 1:04.

Kusuasua kwa simu za watoto nako kukaeleweka. Vipande vya gigabaiti 1.9 vilikuwa vinakaa ndani ya RAM ya gigabaiti 4. Kilichobaki hakikutosha Jellyfin na mfumo, mashine ikaanza kusukuma vitu kwenye swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, ambayo ni ya polepole.

Lakini kwa nini vipande vilikuwa /tmp? Jellyfin kwa kawaida huviweka /var/cache/jellyfin. Tulifungua dashibodi, sehemu ya uchezaji, na tukakuta njia imeandikwa kwa mkono: /tmp/jellyfin. Kijana alisema hakumbuki kuiandika. Mimi nilikumbuka. Miaka miwili nyuma umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, kila ukikatika katikati ya mkanda vipande vilibaki vikirundikana, na siku moja SSD ikajaa. Nilikuja, nikahamishia vipande /tmp kwa sababu inafagiliwa kila mashine inapowashwa, nikaondoka. Kwa Debian ya wakati ule lilikuwa suluhisho sahihi. Sikuliandika popote.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mama, na ndio mkubwa kuliko yote: kutofuta. Kufuta SSD kungeweka Debian 13 mpya, yenye /tmp ndani ya RAM. Kama kijana angerudisha mipangilio kutoka kwenye flashi, angeirudisha pamoja na ule mstari wa /tmp/jellyfin, na mkanda ungeganda palepale. Kama asingeirudisha, tatizo lingeondoka, lakini na kazi ya likizo mbili ingeondoka nalo, na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutorudi Jellyfin 10.10.7, ingawa nakala ya akiba ilikuwepo. Nilikataa kwa sababu kurudisha toleo ni badiliko jingine juu ya mabadiliko ambayo tayari hatukuyaelewa. Nakala ile ilitusaidia kwa namna nyingine: ilituondolea woga. Mtu anayejua ana pa kurudi hutazama kwa utulivu.

Kisha suluhisho lenyewe. Njia zilikuwa tatu. Kwanza, kuizuia Debian isiweke /tmp ndani ya RAM, kwa amri ya `systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya. Inafanya kazi, lakini inabadili tabia ya mashine nzima kwa ajili ya programu moja, na mtu wa tatu akija kesho atakutana na Debian 13 isiyofanana na maelezo yake. Pili, kuongeza ukubwa wa tmpfs. Kwa RAM ya gigabaiti 4 hilo si la kujadili; mkanda mmoja wa saa mbili na dakika 40 kwa ubora ule unahitaji karibu gigabaiti 10. Tatu, kufuta njia iliyoandikwa kwa mkono na kuiacha Jellyfin irudi kwenye folda yake ya /var/cache, juu ya SSD yenye gigabaiti 60 wazi.

Tulichagua ya tatu. Ile hofu ya zamani ya mabaki baada ya umeme kukatika ina jibu lake: Jellyfin ina kazi ya ratiba inayofagia folda ya vipande, na tulihakikisha imewashwa. Quick Sync tuliiacha. Haikuwa dawa ya ugonjwa huu, lakini ni nzuri yenyewe na mashine inapoa. Rauta ilirudishwa mahali pake. Waya wa kisanduku ulibaki, kwa ombi la kijana.

Jambo moja nililipendekeza na halikukubaliwa mara moja: kugeuza mikanda yote kuwa H.264 mara moja tu, usiku, ili isigeuzwe tena kila inapotazamwa. Kijana alihofia kuharibu mafaili ya asili. Ana haki. Tulikubaliana atengeneze nakala za pembeni, aanze na mkanda mmoja, na asiguse asili.

Matokeo

Jumatatu ileile usiku, karibu saa tano, mkanda uliwekwa tena mwanzo. Folda ya vipande ilikua kwenye SSD: gigabaiti 2, 4, 7. Dakika ya 32 ilipita. Dakika ya 34 bibi harusi aliingia ukumbini, kichwa kimeinama, na bibi akasema jina lake kwa sauti ya chini. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Mkanda uliisha baada ya saa saba usiku. Folda ilikuwa imefikia karibu gigabaiti 10, na tulipofunga video ikarudi karibu na sifuri.

Wiki mbili baadaye mama aliniambia hakujaganda tena, si harusi wala maulidi, na simu za watoto hazisuasui. Kijana alikuwa ameshageuza mkanda mmoja kuwa H.264, kisanduku kinaufungua moja kwa moja bila ffmpeg kuamka.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi ni kupandisha vitu viwili usiku mmoja. Kijana alisoma maelezo ya Jellyfin kwa makini, na kwa kuwa onyo kubwa lilikuwa huko, macho yake yote yalibaki huko. Maelezo ya Debian hakuyasoma, kwa sababu Debian ilipanda kimya. Tatizo lilipotokea, mshukiwa alikuwa ameshachaguliwa kabla ya uchunguzi. Kama Debian ingepanda Ijumaa hii na Jellyfin Ijumaa ijayo, mkanda wa bibi ungeganda ukiwa bado kwenye 10.10.7, na Jellyfin ingetolewa lawamani siku ya kwanza.

Jaribio la usiku wa Ijumaa lilikuwa fupi, lakini ufupi si kasoro yake kuu. Lilitumia katuni, yaani video inayopita moja kwa moja na isiyogusa kabisa njia iliyoharibika. Hata kama kijana angeangalia katuni kwa muda wa saa tatu, asingeona kitu. Baada ya kupandisha toleo, jaribu video nzito kuliko zote, kwenye kifaa dhaifu kuliko vyote, na iache ifike mwisho.

Kwenye matengenezo ya Jumapili kuna jambo ambalo naliona kila mara. Kijana alibadili rauta, waya na ugeuzaji, na kila badiliko aliliacha mahali pake likishindwa. Kufikia Jumatatu mashine haikufanana tena na ile iliyougua Jumamosi. Bahati ni kwamba mabadiliko hayo hayakugusa dakika, na kutoigusa ndiko kulikotuambia ukweli. Badiliko lisilosaidia lina habari ndani yake, lakini kwa yule tu aliyeandika lilipofanyika na kilichofuata. Daftari la mama ndilo lililofanya kazi hiyo. Aliandika mambo mawili ambayo mafundi wengi, mimi nikiwamo, huandika moja tu: saa ya ukutani na dakika ya video. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo iliyotatua kisa.

Kwa upande wangu, nilipima nafasi ya diski wakati hakuna kinachocheza. Kwa tatizo linalotokea mtu anapotumia kitu, kipimo kilichochukuliwa akiwa hatumii hakina thamani, na kwangu kilikuwa na hasara, kwa sababu kiliniondoa kwenye njia sahihi kwa dakika arobaini. Na mstari wa /tmp wenye neno tmpfs ulikuwa mbele yangu mara ya kwanza nilipoandika `df -h`. Niliangalia asilimia, sikuangalia aina. Yeyote aliyehamia Debian 13 anaweza kuandika `findmnt /tmp` na kupata jibu kwa sekunde moja: likitoka tmpfs, kila programu aliyoielekeza /tmp sasa inaandika ndani ya RAM.

Kuhusu mpangilio niliouacha miaka miwili nyuma bila maandishi, tumefanya hivi. Kijana alifungua dashibodi na folda ya /etc/jellyfin, tukapitia kila kitu kilichobadilishwa kutoka chaguo-msingi, tukakuta vitano. Viwili hatukujua sababu yake, tukavirudisha kimoja kimoja kwa siku tofauti. Vitatu vilivyobaki vimeandikwa kwenye karatasi, kila kimoja na tarehe, jina la aliyebadilisha na sababu, na karatasi imebandikwa kwa selotepu ubavuni mwa mashine, upande usioonekana na wageni. Mama ndiye aliyeandika, kwa mwandiko uleule wa daftari.

Kilichobaki ni SSD. Kila mkanda unaogeuzwa unaandika gigabaiti 10 juu yake na kuichakaza kidogo, na SSD ni ya mtumba. Kijana amebakiza mikanda minne ya kugeuza kuwa H.264, na anafanya mmoja kila Jumamosi usiku.